Senti Tano kwa Kila Tani: Miaka 80 ya Mfuko wa Wachimba Makaa wa Marekani, 1946–2026

Septemba 1948, mzee wa miaka 67 huko Rock Springs, jimbo la Wyoming, alipokea hundi ya dola 100. Alikuwa mchimba makaa ya mawe aliyestaafu. Hundi ile haikuwa mshahara, mkopo wala sadaka. Ilikuwa pensheni, ya kwanza kabisa kutolewa na Mfuko huu, na mwezi uliofuata ingekuja nyingine.

Siku hizo Mmarekani mstaafu aliyetegemea hifadhi ya jamii ya serikali alipata kwa wastani karibu dola 25 kwa mwezi. Mzee wa Rock Springs alikuwa amepewa mara nne ya kiasi hicho na tasnia iliyozoea kuwamwaga wazee wake kama inavyomwaga kifusi nje ya mgodi.

Anayetaka kujua Mfuko umefanya nini kwa miaka 80 asianzie makao makuu. Aanzie kwa mtu wa namna hii: mume na baba, aliyeingia shimoni akiwa kijana, akalea watoto kwa tani alizochimba, akatoka na mgongo uliopinda na kifua kinachokoroma. Mikataba, kesi na sheria zinazosimuliwa hapa zilipiganiwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mkewe atakapobaki peke yake.

Kabla ya 1946: daktari wa makato

Katika mabonde ya Appalachia, kuanzia West Virginia hadi mashariki ya Kentucky na kusini-magharibi ya Virginia, kampuni ilimiliki mgodi na karibu kila kitu kilichouzunguka. Nyumba zilikuwa zake. Duka lilikuwa lake, na sehemu nyingi mchimbaji alilipwa kwa sarafu za kampuni ambazo thamani yake ilikuwa dukani humo humo. Kodi, baruti, mafuta ya taa na deni la unga vilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi.

Daktari naye alikuwa wa makato. Kila mwezi kiasi fulani kilitolewa kwenye ujira wa mchimbaji kumlipa tabibu aliyechaguliwa na kampuni. Mchimbaji aliyegharamia hakuulizwa kama daktari huyo anafaa, wala kama hospitali anayopelekwa ina vifaa. Alilipa na kunyamaza.

Paa la mgodi lilipomwangukia mtu na kumvunja uti wa mgongo, kazi ilikwisha siku hiyo, na nyumba ilifuata, kwa sababu haki ya kukaa humo ilitokana na kazi. Mjane naye alijua kwamba baada ya maziko atatakiwa kupisha familia nyingine. Kwa aliyezeeka akiwa mzima, bahati yake ilikuwa kupewa kazi nyepesi juu ya ardhi, ya kuchambua mawe kwenye makaa, au kupata chumba kwa mwanawe, ambaye naye alikuwa mchimbaji. Neno mstaafu halikuwa na maana kubwa mahali ambapo mtu aliacha kazi siku mwili ulipokataa.

1946: mgomo, Ikulu, na senti tano

Tarehe 1 Aprili 1946, wachimbaji wapatao 400,000 wa makaa ya kawaida waliweka chini vifaa. Chama chao, United Mine Workers of America, kiliongozwa na John L. Lewis, mwana wa wahamiaji kutoka Wales aliyewahi kuchimba mwenyewe. Dai lake lililowaudhi zaidi wamiliki halikuwa nyongeza ya mshahara. Alitaka kila tani ya makaa itozwe mrabaha wa kuwatunza wagonjwa, vilema, wazee na wajane wa kazi hiyo.

Wamiliki walikataa kata kata. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Reli, viwanda vya chuma na mitambo ya umeme viliishi kwa makaa. Tarehe 21 Mei, Rais Harry Truman aliagiza serikali itwae migodi. Kwa muda ule mwajiri wa wachimbaji akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, Julius Krug, na ndiye aliyetia saini na Lewis mkataba wa Ikulu tarehe 29 Mei 1946. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Mfuko.

Mkataba uliweka mifuko miwili. Wa kwanza, wa ustawi na kustaafu, ungelipiwa na waajiri kwa senti 5 kwa kila tani. Wa pili, wa matibabu na hospitali, ungechukua yale makato ya zamani ya daktari na kuyaweka chini ya usimamizi wa upande wa wafanyakazi. Mwaka uliofuata iliunganishwa kuwa mfuko mmoja.

Inafaa kusimama kidogo kwenye neno tani, maana nguvu ya Mfuko huu na udhaifu wake vyote vimo humo. Mchango haukuhesabiwa kwa idadi ya watu walioajiriwa wala kwa saa za kazi. Ulihesabiwa kwa makaa yaliyotoka ardhini. Mashine ikichukua nafasi ya watu kumi, makaa bado yangetoka na senti zingeendelea kuingia kwa ajili ya hao kumi. Lakini makaa yasipotakiwa sokoni, au mwenye mgodi asipolipa, hundi ya mzee ingekuwa hewani.

Mkataba huo huo uliagiza uchunguzi wa afya katika maeneo ya machimbo. Kazi ilikabidhiwa Jeshi la Majini chini ya Admirali Joel T. Boone, daktari, na ripoti ikatoka mwaka 1947. Maofisa wake waliingia majumbani, wakapima visima, wakakagua vyoo, wakahesabu vitanda vya hospitali. Mpigapicha Russell Lee aliandamana na kazi hiyo na kuacha maelfu ya picha: wanaume wakioga kwenye beseni jikoni, mama wakichota maji bombani mbali na nyumba, watoto kwenye baraza za mbao. Baada ya ripoti ile hapakuwa tena na nafasi ya kusema kwamba malalamiko ya wachimbaji ni maneno ya jukwaani.

1947–1948: hundi ya kwanza yachelewa

Tarehe 25 Machi 1947 mgodi namba 5 wa Centralia, Illinois, ulilipuka na kuua wachimbaji 111. Malipo ya mwanzo kabisa ya Mfuko yalikwenda kwa familia hizo, dola 1,000 kwa kila moja. Mfuko ulianza kazi kwa rambirambi kabla haujajua vizuri taratibu zake wenyewe.

Pensheni ilichukua muda zaidi. Sheria ya 1947 ilitaka waajiri na wafanyakazi wawe na sauti sawa katika mifuko ya namna hii, hivyo kukawa na wadhamini watatu: wa chama, wa waajiri, na wa tatu asiyeegemea upande. Mdhamini wa waajiri hakukubaliana na masharti ya pensheni, na fedha zikakaa bila kumfikia mzee yeyote. Machi 1948 wachimbaji waligoma tena. Mwezi uliofuata Seneta Styles Bridges wa New Hampshire aliteuliwa kuwa mdhamini wa tatu, akapiga kura pamoja na Lewis: dola 100 kwa mwezi kwa mchimbaji aliyefikisha miaka 62 na kutumikia miaka 20. Mahakama ikaruhusu, na Septemba hundi ikafika Rock Springs.

Mrabaha nao ulipanda: senti 10 mwaka 1947, senti 20 mwaka 1948, senti 30 mwaka 1950, senti 40 mwaka 1952.

Waliolala chumba cha nyuma

Nikiulizwa ni miaka ipi ya Mfuko ningependa vijana waijue, nitataja hii inayoanzia 1948, kabla ya majengo makubwa.

Mkurugenzi wa Mfuko alikuwa Josephine Roche, mwanamke aliyewahi kumiliki kampuni ya makaa huko Colorado na kukikaribisha chama cha wafanyakazi wakati wenzake wakikifukuza kwa bunduki, kisha akawa Waziri Msaidizi wa Fedha. Idara ya tiba ilisimamiwa na Dkt. Warren Draper, aliyekuwa ametoka kwenye uongozi wa huduma ya afya ya umma ya taifa. Waligawa maeneo ya makaa katika kanda kumi, kila kanda na ofisi yake ya tiba, na kazi ya mwanzo waliyojipa ilikuwa kuwatafuta wachimbaji waliopooza.

Watu hao walikuwepo lakini hawakuwa kwenye orodha yoyote. Walikuwa vyumba vya nyuma, kwenye nyumba za mbao mwisho wa mabonde ambako gari halifiki. Wengine walikuwa wamelala hivyo miaka mingi, wakiwa na vidonda vya kulalia, wakigeuzwa na wake zao, huku watoto wakikua bila kumwona baba akisimama. Watumishi wa Mfuko waliuliza nyumba kwa nyumba. Wakampata mtu, wakambeba kwa machela hadi barabarani, kutoka barabarani hadi stesheni, na kutoka stesheni kwa treni ya vitanda hadi vituo vya utengamao vya mbali, vikiwemo vya New York, New Jersey na California.

Huko walitibiwa vidonda, wakafundishwa kuketi, kujihamisha kutoka kitandani, kutumia kiti cha magurudumu, na kwa wengine kutembea kwa magongo. Walifundishwa pia kazi za mikono. Wapo waliorudi nyumbani na kuanza tena kujitafutia riziki. Kwa mtu aliyezoea kuitwa mwenye nyumba, kisha akalishwa kwa kijiko kwa miaka, sijui kama kuna pensheni inayoweza kuzidi hilo.

1956: hospitali kumi

Palipokosekana hospitali nzuri, Mfuko uliamua kujenga. Tarehe 2 Juni 1956 zilizinduliwa hospitali kumi za kumbukumbu ya wachimbaji. Sita zilikuwa Kentucky: Harlan, Hazard, McDowell, Middlesboro, Pikeville na Whitesburg. Ya Wise ilikuwa Virginia, na zilizobaki zilihudumia West Virginia kutoka Beckley, Man na Williamson. Kwa jumla zilikuwa na vitanda vipatavyo 1,000, na ziliunganishwa ili mgonjwa aliyeshindikana hospitali ndogo apelekwe kwenye kubwa.

Madaktari wengi walilipwa mshahara badala ya kudai ada kwa kila mgonjwa. Vyama vya madaktari wa maeneo hayo vilipinga sana utaratibu huo. Mfuko haukurudi nyuma, kwa hoja rahisi kwamba daktari anayelipwa kwa kila upasuaji ana sababu ya kufanya upasuaji usiohitajika. Harlan, kata iliyojulikana nchi nzima kwa damu iliyomwagika kati ya wachimbaji na walinzi wa kampuni katika miaka ya 1930, sasa ilikuwa na hospitali ya kisasa iliyojengwa kwa senti za makaa.

1960–1964: miaka ya kukatwa

Kijitabu cha maadhimisho kisiporuka furaha kisiruke pia maumivu. Lewis alikuwa ameikubali mashine. Mwaka 1950 migodi ya makaa ya kawaida ilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Kufikia 1960 walikuwa chini ya 200,000. Kama tani zingebaki pale pale, hesabu ya Mfuko ingesimama. Lakini reli zilihamia kwenye dizeli, majumba yakapashwa joto kwa mafuta na gesi, na wamiliki wa migodi midogo wakaacha kulipa mrabaha.

Wadhamini walikata. Mwaka 1960 waliokosa kazi kwa zaidi ya mwaka walipoteza kadi ya matibabu. Mwaka 1961 pensheni ilishushwa hadi dola 75. Mwaka 1962 kadi ziliondolewa kwa wafanyakazi wa kampuni zisizolipa, na Mfuko ukatangaza kwamba hauwezi tena kuendesha hospitali zote. Karibu na Hazard, wachimbaji wenye hasira walizunguka kwa misafara ya magari kutoka mgodi hadi mgodi wakiifunga. Aliyeadhibiwa kwa deni la mwajiri alikuwa mfanyakazi, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa zito kuliko yote katika uamuzi wa miaka ile: kadi ilikuwa haki ya nyumba nzima, na iliondolewa kwa sababu ya mtu wa tatu.

Hospitali zenyewe zilinusurika. Kwa msaada wa Kanisa la Presbyterian liliundwa shirika jipya lisilo la faida, nalo likazipokea kati ya 1963 na 1964. Warithi wake, Appalachian Regional Healthcare, bado wanatibu Harlan na Hazard.

1968–1974: vumbi na mahakama

Tarehe 20 Novemba 1968 mgodi wa Farmington, West Virginia, ulilipuka, 78 wakafa. Maombolezo yake yaliamsha jambo ambalo wake wa wachimbaji walilijua usiku kwa usiku, la mume anayelala ameketi kwa sababu akilala chali hapumui. Ugonjwa huo wa mapafu meusi unaletwa na vumbi la makaa. Dkt. Lorin Kerr, mmoja wa madaktari wa Mfuko, alikuwa akiupigia kelele kwa miaka. Februari 1969 wachimbaji wapatao 40,000 wa West Virginia waligoma hadi jimbo likapitisha sheria ya fidia, na tarehe 30 Desemba mwaka huo sheria ya taifa ya afya na usalama migodini ikaweka kikomo cha vumbi na malipo kwa waliolemazwa na kwa wajane wao.

Wakati huo huo wachimbaji na wajane walikwenda mahakamani dhidi ya wadhamini wenyewe. Katika kesi ya Blankenship dhidi ya Boyle, mwaka 1971, Jaji Gerhard Gesell wa Washington aliamua kwamba wadhamini walikiuka wajibu wao kwa kuacha makumi ya mamilioni ya dola kwenye akaunti zisizozaa riba, katika benki iliyomilikiwa na chama. Aliagiza akaunti zifungwe na uongozi wa wadhamini ubadilishwe. Mzee aliyekatiwa dola 25 mwaka 1961 alistahili kuusikia uamuzi ule akiwa hai, wengi hawakuwahi.

Mkataba wa 1974 uliugawa Mfuko mara nne: mpango wa pensheni na mpango wa matibabu kwa waliostaafu zamani, na miwili ya namna hiyo kwa waliostaafu kuanzia 1976.

1978–1993: zamu ya wastaafu kupigania

Baada ya mgomo mrefu uliomalizika Machi 1978, matibabu ya wachimbaji walioko kazini na ya waliostaafu kuanzia 1976 yalihamishiwa kwenye bima za kampuni. Hilo lilimaanisha kwamba kampuni ikijiondoa kwenye mkataba, wastaafu wake wanabaki njiani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1988, kampuni ya makaa ya Pittston ilipokata matibabu ya wastaafu, wajane na walemavu wapatao 1,500.

Mgomo ulianza tarehe 5 Aprili 1989 huko Virginia, West Virginia na Kentucky. Walioko kazini waliacha mishahara kwa ajili ya baba na mama zao, na mamia kwa mamia walikubali kukamatwa barabarani bila kupigana. Wanawake walijikusanya kwa jina la Mabinti wa Mother Jones, wakakalia ofisi za kampuni mjini Lebanon. Septemba wanaume 99, mmoja wao mchungaji, waliingia kwenye kiwanda cha kusafishia makaa cha Moss 3 na kukaa humo siku nne. Waziri wa Kazi, Elizabeth Dole, aliteua msuluhishi, na makubaliano yalipatikana mwanzoni mwa 1990 huku wastaafu wakirudishiwa matibabu.

Dole aliunda pia tume ya kuchunguza tatizo la tasnia nzima. Matunda yake ni Sheria ya Makaa ya 1992, iliyozitaka kampuni zilizowahi kuwaajiri wastaafu kulipia matibabu yao hata kama zimeacha kuchimba. Mfuko wa Pamoja wa Mafao ulianza chini ya sheria hiyo tarehe 1 Februari 1993.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1946 | Mkataba wa Krug na Lewis, 29 Mei. Mrabaha wa senti 5 kwa tani |
| 1947 | Ripoti ya Admirali Boone. Malipo kwa familia za Centralia |
| 1948 | Pensheni ya kwanza, dola 100 |
| 1952 | Mrabaha wafika senti 40 |
| 1956 | Hospitali kumi zazinduliwa |
| 1961 | Pensheni yashushwa hadi dola 75 |
| 1963–1964 | Hospitali zakabidhiwa shirika jipya |
| 1969 | Sheria ya afya na usalama migodini. Fidia ya mapafu meusi |
| 1971 | Hukumu ya Blankenship dhidi ya Boyle |
| 1974 | Mipango minne yaundwa |
| 1989–1990 | Mgomo wa Pittston |
| 1992 | Sheria ya Makaa |
| 2017 | Matibabu ya kudumu kwa wastaafu wa kampuni zilizofilisika |
| 2019 | Sheria ya kuokoa mpango wa pensheni wa 1974 |

2012–2019: kampuni zinapofilisika

Kuanzia 2012, Patriot Coal ilipoomba ulinzi wa mufilisi, kampuni moja baada ya nyingine zilitumia mahakama kujitoa kwenye ahadi zao kwa wastaafu. Gesi ya bei nafuu ilikuwa imeyasukuma makaa nje ya mitambo ya umeme, na mpango wa pensheni wa 1974 ulikuwa na wapokeaji wengi mno kulinganisha na wachangiaji waliobaki.

Wazee walirudi Washington. Walipanda mabasi usiku, wengine wakiwa na mitungi ya oksijeni, wakajaza ukumbi wa Bunge wakiwa na fulana zenye rangi za kijeshi walizozirithi kutoka mgomo wa Pittston. Mei 2017 Bunge lilihakikisha matibabu ya wastaafu na wategemezi zaidi ya 22,000. Tarehe 20 Desemba 2019 ilitiwa saini sheria ya pande zote mbili iliyoruhusu hazina ya taifa kuchangia hadi dola milioni 750 kwa mwaka, matibabu na pensheni pamoja. Pensheni iliyokuwa ikipiganiwa ilikuwa kwa wastani takriban dola 600 kwa mwezi.

Ule Mfuko wa Pamoja wa 1993 hauandikishi watu wapya. Orodha yake ilifungwa kwa waliokuwa tayari wakipokea mafao tarehe 20 Julai 1992, na kila mwaka inapungua. Wanaume wengi waliokuwa humo wameshazikwa. Waliobaki kwenye orodha wengi ni wajane waliovuka miaka 80, na bili zao za daktari bado zinalipwa kwa jina la tani ambazo waume zao walizichimba.